Makande ya Nakijwa

Jumanne, 3 Juni

Kidonge amemeza. Uji kanywa nusu, nusu kaacha. Ukungu umetukalia tangu alfajiri, nguo za juzi bado mbichi kambani.

Mume wangu, Mwalimu, ameshinda dirishani bila neno. Tangu apatwe na kiharusi mwezi wa pili, maneno yanamtoka kwa taabu, moja moja, na mengine hayatoki kabisa. Simlaumu. Ila ilipofika saa kumi akachukua mkongojo, akavaa kofia, na uso ukabadilika. Ungedhani anakwenda harusini.

Kutembea ameagizwa na daktari wa kituo chetu cha afya. Kila siku, hata kidogo. Sawa. Ipo njia ya kanisani, tambarare. Ipo ya shuleni, aliyoipita miaka yote ya kazi. Yeye anashuka bondeni kwa Nakijwa, kwenye utelezi, mguu wa kulia anauburuta.

Karudi jua likizama. Kachangamka. Nimemuuliza walikuwa wanaongea nini. Kanitazama tu.

Jumatano, 4 Juni

Amekwenda tena.

Alhamisi, 5 Juni

Niandike wazi, hii daftari haisomi mtu. Nina wivu. Umri huu, wajukuu ninao, nyonga inaniuma wakati wa baridi, na nina wivu kama msichana.

Mke wa Mwalimu alikuwa awe Nakijwa. Wazazi wa Mwalimu walishapeleka pombe ya miwa kwao, wazee walishakaa wakaongea. Kisha Mwalimu akapangiwa kazi Kileo, kule tambarare, nami nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Ugweno kumsaidia shangazi kulima. Akanikuta. Akawaandikia wazazi kwamba amepata mwingine. Nakijwa akaolewa na fundi mwashi, akazaa, akafiwa na mume. Wala hajawahi kunisema vibaya. Hilo nalo linaniudhi. Angenisema ningekuwa na la kumjibu.

Anacheka ovyo, huyo mama. Kicheko chake kinasikika mpaka kwetu juu upepo ukivuma vizuri.

Jumapili, 8 Juni

Leo baada ya ibada nimesikia kwa masikio yangu. Wamesimama nje ya kanisa, Mwalimu anaongea. Anaongea! Sentensi nzima, ikafuata nyingine. Kwa Kichasu, Kipare cha huku kwao.

Sisi lugha yetu ya ndoa ni Kiswahili. Nilipoletwa huku Kichasu changu kilikuwa cha kuungaunga, kimejaa Kigweno, mawifi wakanicheka, Mwalimu akasema basi nyumbani tutasema Kiswahili. Nikaona ni upendo. Leo Kiswahili kimemponyoka na lugha ya mama yake imebaki, na wa kuisema naye ni Nakijwa. Mimi Kichasu ninakijua. Miaka yote sokoni na shambani nimesema lugha hiyo. Nikimsemesha hivyo ananijibu kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa amezoea kwamba mimi si mtu wa kusemeshwa Kichasu.

Nimekwenda kusimama kati yao. Nikamwambia Mwalimu baridi itakupiga, twende. Nakijwa akasema, "Mama Amani, mwache amalizie, alikuwa ananisimulia jambo."

Kwangu hajasimulia jambo tangu Februari.

Jumatatu, 9 Juni

Mtoto wetu Amani kapiga simu kutoka Dodoma. Anauliza presha ya baba. Nikasema bado iko juu. Akauliza chumvi mama, umeacha? Nikamjibu kwa ukali. Nimeacha kila kitu. Kopo la chumvi nimempa jirani. Dagaa wa chumvi hawaingii humu, mchuzi wa vipakiti hauingii. Mwalimu anakula chakula kimepooza kama maji ya bombani, ananitazama kama ninamwadhibu. Na bado kila tukienda kliniki kile kipimo kinapanda vilevile. Daktari kashaongeza dawa mara mbili.

Kule hospitali ya Same, alipoumwa, walituambia hivi: kiharusi cha pili kinaweza kumuua, au kumwacha kitandani bila kauli kabisa. Kinga ni presha ishuke. Basi. Maneno hayo ninalala nayo na kuamka nayo.

Kama haishuki kwangu, basi kuna mahali inapandishwa. Na mahali ninapajua.

Jumatano, 11 Juni

Nimemfuata.

Nimemwacha atangulie, nikajifanya ninakwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikashuka kwa kupitia migombani. Mundu mkononi. Sijui nilitegemea kukuta nini. Najua kabisa nilichotegemea, ila sitakiandika.

Nimewakuta jikoni. Mwalimu amekaa kwenye kigoda, bakuli mapajani, kijiko mkono wa kushoto. Anakula makande. Anakula kwa raha, ameinama, mpaka anapuliza ili yapoe. Nakijwa anachochea moto na kumsemesha.

Nyumbani nilimpa makande yaleyale mchana. Alikula vijiko vya kuhesabika.

Afadhali ningewakuta wameshikana mikono. Mikono ningeitenganisha. Lakini nimepika kwa huyu mtu maisha yangu yote ya utu uzima, na hajawahi kupuliza chakula changu kwa haraka ya kukila.

Nakijwa hakushtuka hata kidogo. "Karibu Mama Amani, ingia, mbona umesimama mlangoni kama mgeni?" Nikamwambia, "Unamuua mume wangu kwa chumvi." Akaniapia hakuna chumvi, aliambiwa amekatazwa, hajatia hata chembe. Akanipa kijiko nionje. Sikuonja. Nilitoka na mundu wangu na ng'ombe wamelala bila majani.

Mwongo. Chakula kisicho na chumvi hakiliwi vile.

Jumatatu, 16 Juni

Kesho ni siku ya kliniki ya presha. Nimepata wazo. Nitakwenda na Nakijwa. Nitamsimamisha mbele ya daktari, aseme mwenyewe anampikia nini. Daktari ampe maneno yake, tena mbele ya wagonjwa wote. Kisha tuone kama atacheka.

Nimemwalika Nakijwa kwa jina la mwanawe, kwa sauti laini kuliko asali. "Mama Hosiana, kesho tusindikizane, unisaidie kumshika Mwalimu pale kwenye mteremko." Kakubali mara moja. Kasema atakuja na mwavuli.

Jumanne, 17 Juni

Sijui nianzie wapi. Nina hasira na aibu, vyote pamoja.

Tumefika mapema. Kwenye mabenchi kulikuwa na wazee wa kila upande, wengine wametoka vitongoji vya juu kabisa. Daktari ni kijana wa Mtwara, mpole. Kabla ya kuanza akatufundisha tena. Ukimwona mtu wako amebadilika ghafla, mwambie atabasamu uangalie mdomo kama umekwenda upande. Mwambie anyanyue mikono yote miwili. Mwambie aseme kitu anachokijua vizuri. Kimoja kikigoma usisubiri, usimpe chakula wala maji asije akapaliwa, kumbuka saa ilipoanza, mpeleke hospitali. Usimsugue mafuta. Usiseme tuone kesho. Watu wakaangalia chini. Sisi Mwalimu tulimsugua mafuta, gari lilipatikana asubuhi yake.

Kisha akasema na wasindikizaji tupimwe. Nakijwa akapimwa: nzuri, daktari akasema nzuri sana, kama ya binti. Akacheka, bila shaka. Nikapimwa mimi. Iko juu. Daktari akarudia. Iko juu bado. Akauliza nina mawazo? Nikasema sina.

Hata presha amenishinda!

Ikafika zamu ya Mwalimu. Mia moja na tisini kasoro. Daktari akatikisa kichwa. Hapo nikasimama nikasema yangu yote: kwamba mimi nyumbani chumvi nimefuta, kwamba kila jioni anakwenda kula kwa huyu mama, aulizwe anachompikia. Sauti yangu ilikuwa kubwa. Benchi zima likageuka.

Daktari hakufoka. Akamuuliza Nakijwa taratibu, mama, makande unapikaje? Nakijwa akajibu kama anayemfundisha mtoto wa kike. Mahindi ya kukoboa, maharage, maji, kitunguu, tui kidogo. Na donge la magadi ili yaive haraka na kulainika. Chumvi hapana.

Daktari akasema, "Magadi."

Akanigeukia. "Na wewe mama, unatia magadi?"

Nani hatii? Huku juu kuni ni za shida na maharage ni magumu. Natia. Mama mkwe alitia. Na kwenye mboga za majani natia kidogo zisipoteze rangi. Tangu nilipoacha chumvi, nakiri, nimekuwa nikiongeza, angalau chakula kiwe na ladha fulani.

Akatueleza. Kile kinachopandisha presha kwenye chumvi, kwenye magadi kimo vilevile. Ulimi hauoni, mishipa inaona. Akasema kosa ni lao pia, wanaimba chumvi, chumvi, na magadi hawaulizi. Mzee mmoja benchini akauliza, hata ya kulainishia kisamvu? Hata hiyo. Kina mama wakaguna wote kwa pamoja.

Nilimpeleka Nakijwa ahukumiwe. Tumehukumiwa wawili, kwa kosa moja, na mimi ndiye niliyekitia chakula changu magadi zaidi.

Njiani kurudi Nakijwa alinifunika na mwavuli wake. Nilitembea nje ya mwavuli.

Ijumaa, 20 Juni

Maharage nimeyaloweka tangu jana, nimeyapika bila magadi. Yanachukua asubuhi nzima. Nimekamulia ndimu, nimetia tangawizi mbichi ya shambani na kitunguu saumu. Yana ladha, nasema kweli. Nikamwekea Mwalimu.

Kisha nikamwambia, sasa sababu ya kwenda kule imekwisha. Chakula ni cha hapa. Matembezi ni ya njia ya kanisani, nitakuwa nakwenda naye mimi.

Akasukuma sahani. Nikampa kidonge, akafunga mdomo. Nikamwambia fungua. Akageukia ukutani.

Jumamosi, 21 Juni

Kidonge hakimezwi. Nimekiweka kwenye ndizi, kakitema. Mkaidi! Mtu mzima, mwalimu, aliyechapa watoto kwa ukaidi.

Jumanne, 24 Juni

Bado. Anakunywa maji, anakula kidogo, dawa hataki. Hatoki. Amekaa dirishani na kofia kichwani.

Najua la kufanya. Nikimwita Nakijwa akamwambia neno moja, atameza. Atameza kwa mkono wake na kumshukuru. Ninamwona kabisa akilini, ameinama juu ya mume wangu na glasi ya maji.

Sitamwita.

Alhamisi, 26 Juni

Kwa daktari nako sijaenda. Atauliza kwa nini, nami nitajibu nini? Kwamba tunashindana? Kidonge kimoja kiko mezani tangu asubuhi. Nimekifunika na kisosi nisikione.

Nasema kesho atalegea. Kila siku nasema hivyo.

Jumatano, 2 Julai

Ninaandika hospitali, Same. Joto la huku chini limenikuta na sweta. Mwalimu amelala. Anapumua vizuri. Nimeshamwangalia sijui mara ngapi.

Jana nilikwenda kuvuna tangawizi shamba la chini. Simu niliiacha nyumbani. Kumbe nilipotoka tu, Mwalimu akachukua mkongojo, akashuka kwa Nakijwa. Nimeyapata haya yote kwa Nakijwa mwenyewe.

Anasema alifika vizuri, akakaa kigodani, wakaanza kuongea. Katikati ya maneno akanyamaza. Mkongojo ukamponyoka. Nakijwa akamwambia atabasamu, mdomo ukapanda upande mmoja. Akamwambia anyanyue mikono, mmoja ukabaki mapajani. Akawa bado hajaamini, maana ule ni mkono uliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Basi akamwambia, "Sema jina la mkeo."

Mwalimu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, jasho likamtoka, hakikutoka kitu.

Nakijwa anasema, "Jina lako, Mama Amani, huyu analisema kila akija. Elieshi amepika, Elieshi amekasirika, Elieshi asinione nikiteleza. Liliposhindikana hilo nikajua."

Sikujua anasema jina langu kule. Nyumbani hajalisema tangu augue.

Alishika saa ilipoanza. Maji aliyoyaashiria Mwalimu hakumpa. Hakunitafuta shambani, hakumwita mchungaji, hakusema tuone. Gari la kubeba tangawizi lilikuwa linapakia barabarani, akamwamuru dereva ashushe magunia. Wakamlaza kwa ubavu, yeye akakaa naye nyuma mpaka Same.

Mimi nimepata habari kwa jirani. Nikashuka mlima na pikipiki. Nikiri: njia nzima, kila kona, nilikuwa ninaomba Mungu asimchukue, na hapohapo hasira inanichemka kwamba mwanamke mwingine amempakia mume wangu kwenye gari bila kuniambia. Yote mawili kwa pamoja. Nilipofika nikamkuta amekaa kwenye benchi la nje, viatu vya Mwalimu amevipakata. Nikavichukua. Sikusalimia.

Daktari alituita wawili. Akasema mmefanya vizuri kumleta mapema, presha ilikuwa hatari, imeanza kushushwa polepole, na kauli imeanza kurudi. Hili ni onyo, akasema, kiharusi kingeweza kuwa kikubwa. Akauliza dawa anameza kila siku?

Nakijwa akanitazama. Alidhani nitasema ndiyo.

Nikasema hapana. Tangu tarehe ishirini hajameza. Nilimkataza kwenda matembezi yake, akagoma, sikumwambia mtu.

Daktari akaandika. Hakunigombeza. Tulipotoka nje Nakijwa akasema, "Ungeniambia." Basi. Akaenda kununua maji.

Ningependa angenitukana.

Jumapili, 6 Julai

Kutoka Same tulipelekwa Moshi, wamempiga picha ya kichwa. Damu haijavuja. Wameongeza dawa ya kuzuia damu kuganda na nyingine ya mafuta ya kwenye damu. Tumerudi nyumbani jana. Mkono wa kulia umelegea kuliko mwanzo. Kauli imerudi ilipokuwa, ya Kichasu.

Asubuhi nimempa dawa. Amefunga mdomo.

Nimevaa kanga, nimeshuka bondeni. Mguu mzito. Nakijwa alikuwa anafagia uwanja. Nikamsalimu, nikamwambia nina shida. Nikalitoa neno: nakuomba uje umwambie ameze.

Kaacha ufagio palepale. Kaja. Hakumshika, hakuinama juu yake kama nilivyokuwa ninamwona akilini. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamsema kwa Kichasu, kwa sauti ya kumsema mtu mkaidi. Kwamba mkeo akikupa, meza. Kwamba usipomeza mbele yake, kwangu usikanyage, mlango nitaufunga. Kwamba mimi nimeshazika mume mmoja, sitaki kukuzika wewe kwa ujinga.

Nilielewa kila neno.

Mwalimu akanyoosha mkono wa kushoto kwangu. Nikampa. Akameza vyote vitatu.

Wivu wangu ulipanda pale, tena sana. Nayo shukrani ilikuwa imejaa. Sikujua uso wangu ulionyesha kipi. Nikampa Nakijwa tangawizi abebe.

Jumanne, 15 Julai

Kliniki. Ya Mwalimu imeshuka, mia moja na hamsini na kidogo. Daktari kafurahi, kasema tuendelee, bado haijafika anapotaka. Yangu nimeanzishiwa dawa. Sasa tunameza wawili asubuhi, tunatazamana.

Kina mama benchini wanalalamika maharage hayaivi. Nimewaeleza habari ya kuloweka. Nakijwa naye ameacha magadi. Wanasema makande yake yamekuwa magumu. Hilo limenifurahisha kuliko inavyofaa.

Jumapili, 27 Julai

Ibada imekwisha mapema. Baridi bado, ila jua limetoka kidogo mchana.

Mwalimu kalala, kaamka, kachukua kofia. Kaniangalia. Hajatoka mpaka nimeitikia kwa kichwa.

Nimejaribu kuongea naye Kichasu wiki hii, kila siku, na makosa yangu. Jana alinisahihisha neno moja. Leo hajasema kitu. Sitadanganya, bado nasikia uchungu akishika ule mkongojo. Anakokwenda anaongea, anacheka, na mimi nimebaki na nyumba. Daktari anasema kuongea nako ni dawa, na kutembea ni dawa. Sijui kama ana mke.

Alikuwa amevaa lile shati jeupe la kanisani. Mkono wa kulia hauwezi tena vifungo. Alihangaika na wa kushoto, kifungo kikateleza. Akashusha mkono, akasubiri.

Nikamfunga. Kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Kule bondeni kuna upepo.